Kilo Moja na Robo

Kijana wa Katuba alimwaga kiroba chake sakafuni:
koki za maji, bawaba, mnyororo wa baiskeli,
kufuli lisilo na ufunguo,
na katikati yao, imeinamisha pua
kama mgeni asiyejua akae wapi,
bastola.

Hapa Kenya, nyuma ya soko, nanunua chuma kwa kilo.
Sikuulizi umekitoa wapi. Nauliza kina uzito gani.
Mshale ukasimama: moja na robo.

Kapya alikwisha kuwasha gesi.
"Patroni, nikate?"
Nikamwambia angoje.
Nilikuwa nimeona maandishi juu ya mtutu wa pembe nane,
NEW-YORK, na AMERICA iliyokwanguka nusu,
na chini, ule upinde unaolinda kidole
ulikuwa na unjano ndani ya uchafu.
Nikauparua kwa tupa. Shaba iliyotiwa zinki.
Mtu wa Lubumbashi hadanganywi na shaba,
hata ikiwa ya kwao.

Tukamwita Papa Monga,
aliyekereza vyuma miaka thelathini kwenye karakana ya reli.
Alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.
"Huyu ni mkubwa kuliko mji wetu," alisema.
"Hakujua risasi za ganda. Alilishwa kwa mkono, kama mtoto:
baruti kwanza,
kisha tembe ya risasi, ishindiliwe,
kisha kule nyuma kikofia cha shaba chenye moto ndani.
Mara sita.
Wenye akili walijaza matundu matano tu,
nyundo wakailaza juu ya lile tupu,
farasi akijikwaa mtu asijitoboe paja."

"Na kabla yake, Papa?"
"Kabla yake ulipiga mara moja.
Ukikosa, ulikuwa na muda
wa kumjua uliyemkosa."

Ilifikaje huku? Kila mtu alikuwa na jibu lake.
Kapya alisema padri. Jirani alisema Mgiriki wa duka la chumvi.
Papa Monga hakusema mtu, alisema biashara:
wenzetu walipopata silaha mpya,
zilizochakaa hazikutupwa, zilifanywa fedha,
zikavuka maji kununua pembe,
misalaba ya shaba,
na waliobeba hiyo misalaba.

Akachomeka waya tundu kwa tundu.
La kwanza, tupu.
La pili, tupu.
La tatu, nyigu amejenga na kuhama.
La nne, tupu.
La tano, waya ukagoma.

"Kapya," akasema polepole,
"zima hiyo gesi."

Ililala kwenye ndoo usiku kucha.
Asubuhi maji yalikuwa meusi kama ya kuoshea sufuria,
tembe ikaanguka, tu,
kama punje ya mahindi kwenye bakuli.
Nikaiweka juu ya mizani yangu ya magunia.
Mshale haukutikisika.
Miaka yote hiyo ilimngoja mtu mmoja,
na mtu hakupita.

Ule upinde wa njano niliuuza Jumatatu, kwa bei ya njano.
Mtutu uko chini ya meza.
Sijaamua. Na wewe usiniharakishe.

Silinda aliichukua binti yangu, Mwadi,
maana ubavuni mwake pamechorwa merikebu
zikipigana, matanga na moshi,
michoro myembamba kama mistari ya kiganja.
Aliipaka vumbi la makala,
akaiviringisha juu ya karatasi ya daftari la hesabu.
Zikatoka. Nyumba nzima tulisogea,
nyumba isiyo na hata mmoja aliyeiona bahari.
"Zinakwenda wapi?"
Sikujua. Nikamwambia zinazunguka.
Akaviringisha tena, tena, bila kuongeza makala,
na kila safu merikebu zilififia,
hadi ya mwisho, pembezoni mwa karatasi:
milingoti mitatu,
na moshi usio na mzinga.